Nusu ya Sikudhani

Kivuli cha mwanangu kilianza kutambaa siku ile ile Mihayo alipoweza kupanda ngazi za kituo cha afya bila kunishika mkono. Nilikiona kwa macho yangu kwenye kioo cha ukutani, kimevaa kaptula kama yake, kinajikokota kwa viwiko. Nikamwambia nesi azime kile kioo, maana sikwenda pale kutazama msiba. Nesi akacheka, akasema mama, hicho si mtu, hizo ni hesabu tu. Nikamjibu kwamba hesabu alizosoma yeye shuleni huenda hazikuwa na meno, lakini hizi zina pengo la mbele pale pale alipo nalo mwanangu. Akazima.

Bibi yangu aliwahi kunisimulia kwamba zamani, dawa ya watoto ikijaribiwa, nusu ya watoto walipewa dawa na nusu walipewa maji yenye sukari, na mama hajui wake kaangukia wapi. Siku hizi hakuna mtoto anayepewa maji. Akizaliwa hospitali, damu ya kitovu inachukuliwa, mashine inamtengenezea kivuli, na kivuli kinakua naye. Akiota jino nacho kinaota, akiugua nacho kinaugua. Dawa mpya ikija, mtoto anakunywa, kivuli hakinywi. Kinaachiwa ugonjwa wake ili kionyeshe mtoto angefika wapi. Ule mwanya kati yao wawili ndio unaowaambia wakubwa kama dawa inafanya kazi.

Ugonjwa wenyewe tunauita mlegeo. Unaanzia miguuni, mtoto anapepesuka kama aliyeonja pombe ya wanzuki, unapanda kiunoni, na ukifika kifuani basi, mnaanza kutafuta sanda. Mihayo ulimkamata akiwa na miaka minane, akitoka kucheza mpira. Mwezi uliofuata ukamkamata Sikudhani wa jirani, tunayemwita Siku.

Mama yake Sikudhani ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu mimi Mnyamwezi. Aliletwa Tabora na mume, mume akaondoka, yeye akabaki kutusumbua. Kila asubuhi alikuwa akinisalimia kwa kuniuliza kama nimeshapata mzigo wa kubeba, maana Mnyamwezi, kwa maneno yake, hata siku ya kufa atauliza kichwa chake kipewe furushi gani. Nami nilimwambia Mzaramo akisikia ngoma huacha sufuria jikoni, ndiyo maana ugali wake una harufu ya moto. Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Tatizo la Sikudhani lilikuwa kuzaliwa kwake. Mvua zilibomoa daraja, mama yake akajifungulia juu ya lori la mahindi kati ya Nzega na Tabora, na kitovu alikikata mke wa dereva. Hakuna aliyewaza damu ya mashine. Kivuli hakitengenezwi baadaye, damu ikishapotea imepotea, na mtoto asiye na kivuli hapokelewi kwenye jaribio la dawa. Mama Siku alipeleka ombi akakataliwa. Alirudi akaniambia, kwa sauti ya utani ambayo haikuwa na utani, kwamba mwanawe amekuwa kama jini, anatembea juani bila kivuli.

Dawa ya Mihayo ilikuwa inakuja kwenye kichupa kidogo kila asubuhi. Kichupa kilifunguka kwa dole gumba lake tu, mtu mwingine akijaribu kinagoma, na kikiisha kinatoa taarifa kituoni chenyewe. Walikitengeneza kwa akili nyingi. Kilijua kimefunguliwa na nani na kimebakiza nini. Kisichokijua ni kinywa kinachokunywa.

Asubuhi ya kwanza kabisa Mihayo alikaa mkekani na Siku kama walivyozoea, akafungua, akanywa mpaka katikati, akampa mwenzake amalizie. Nilimwona. Mdomo ulishafunguka ili nimkemee, nikakumbuka kwamba ni mimi niliyemfundisha. Tangu anaota meno, nikimpa kipande cha muwa namwambia kizuri kula na nduguyo, nikimpa ndizi namwambia hivyo hivyo, na akila peke yake nampiga kikofi. Sasa nimwambie nini, kwamba methali ile haihusu dawa? Nikageuza uso, nikaendelea kuchambua mchicha.

*

Dokta Lwitiko alituita akina mama asubuhi moja, tukakaa kwenye mabenchi ya uani pale kituoni. Ni Mnyakyusa mrefu, mpole, anayeongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Alianza kwa kutushukuru, na mimi mtu akinishukuru bila sababu moyo hunidunda. Kisha akasema dawa inashindwa.

Watoto wanavizidi vivuli vyao, alisema, ila kidogo mno. Dawa hii ilitarajiwa kumfanya mtoto akimbie wakati kivuli chake kimelala. Sasa mtoto anachechemea na kivuli kinatambaa, na kwa Jopo la Uangalizi, wale wakubwa wanaoamua juu ya dawa zote za watoto, mwanya huo hautoshi. Jopo linakaa wiki ijayo. Likiona hakuna mabadiliko, litafunga jaribio, vichupa vitarudishwa, na dawa itawekwa kando pamoja na nyingine nyingi zilizoshindwa. Akatuuliza kwa upole kama kuna lolote linalotokea nyumbani ambalo yeye halijui. Labda mitishamba, labda mtoto anatapika, labda anatema mama akigeuka.

Mama mmoja wa mtaa wa Cheyo akainama kumfunga mwanawe kamba za viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa vya plastiki, havina kamba. Mwingine akakohoa. Nikawatazama mmoja mmoja, nikaelewa kwamba si mimi peke yangu; akina mama wa Tabora nzima tulikuwa tumegeuza uso na kuchambua mchicha.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira yangu ikikosa mwenyewe humwangukia Mama Siku. Nilimkuta anasuuza nguo. Aliniangalia, akauliza huu mzigo nimebeba usoni ni wa nani. Sikumjibu utani wake. Nikamweleza yote aliyosema Dokta, naye akaikamua kanga aliyoshika mpaka ikaisha maji, akaendelea kuikamua.

Nilimshauri tunyamaze. Nilikuwa na hoja zangu. Wakijua, watamtoa Mihayo kwa kuvunja masharti, na Siku atakosa hata ile nusu. Tukinyamaza, labda Jopo litaona huruma, labda mwanya utapanuka wenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mama Mihayo," akasema, "ukinyamaza wanafunga, na hawa wawili tunawazika. Ukisema, anabaki mmoja. Hesabu gani hiyo inayokushinda?"

"Inanishinda kwa sababu atakayebaki ni wangu."

"Basi ndiyo maana haikupasi kusema wewe," akanijibu. "Nitasema mimi."

Akaanika kanga. Akamfunga Siku mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, akashika njia ya kituoni. Sikumzuia. Nilisimama mlangoni nikimwomba Mungu afike, na nikimwomba asifike, na naona aibu hata sasa kusema ni ombi lipi lililokuwa na nguvu zaidi.

*

Dokta Lwitiko hakutugombeza. Heri angetugombeza. Alimtuma nesi aniite, nikaenda, nikamkuta amepiga magoti kwenye korido akimtazama Siku anavyotembea. Mtoto alienda mpaka mwisho wa korido akarudi, akashika ukuta wakati wa kugeuka tu. Dokta akamuuliza mama yake mlegeo ulianza lini. Alipojibiwa, akamwomba mtoto atembee tena, kwa sababu kwa muda ule mtoto mwenye mlegeo huwa ameshalala kitandani, haketi.

"Kwa hiyo nusu inafanya kazi," nikamwambia. "Si umemwona?"

Akasema amemwona. Yeye kama mtu amemwona na angeapa. Lakini mbele ya Jopo Siku hakuwa ushahidi wa chochote, kwa kuwa hana kivuli. Nani ajuaye angefika wapi bila dawa? Labda mlegeo wake ni wa polepole. Labda ana mwili wa chuma. Hapo nilipandwa na jazba, nikamwambia mambo mengi ambayo mtu hamwambii daktari, kuhusu kusoma mpaka mtu anasahau kazi ya macho. Akaniacha nimalize.

"Mama Mihayo," akasema, "zamani watoto walipewa dawa za wakubwa kwa kukadiria. Kijiko nusu, kidonge robo. Wengine walipona. Wengine walikufa, na hakuna aliyejua kama waliuawa na ugonjwa au na kijiko. Sheria hii imetoka kwenye makaburi yao. Nikimpa mtoto asiye na kivuli, akafa, nitamwambia nini mama yake?"

Nilitaka kumchukia nikashindwa, maana aliyosema yalikuwa ya kweli. Mama Siku ndiye aliyejibu, taratibu, akimfuta mwanawe jasho.

"Utaniambia pole, Dokta. Kama utakavyoniambia asipokunywa."

Dokta akaandika kwa Jopo kila kitu, akawaombea watoto wasio na vivuli, akatuombea msamaha na sisi. Vichupa vyote vikakusanywa wakati wa kusubiri jibu. Hapo ndipo nilipojua uwezo wa ile nusu tuliyokuwa tukiidharau. Mihayo alianza kuburuta mguu wa kushoto. Kisha akaanguka bafuni, nikasikia ndoo inaviringika, nikamkuta amekaa sakafuni ananiambia alikuwa anatafuta sabuni. Sabuni ilikuwa mkononi mwake. Kwa jirani, Siku alikuwa ameacha kutoka nje, na mama yake hakuniuliza tena habari za mizigo.

Jibu likaja. Akina mama tumesamehewa, Jopo linaelewa uchungu wa mzazi. Jaribio halifungwi, linaanza upya. Kila mtoto atakunywa kichupa kizima, kituoni, mbele ya Dokta. Watoto wasio na vivuli hawataingizwa, na Jopo linasikitika. Nilisoma neno lile, “linasikitika”, mara nyingi, nikamsomea Mama Siku, naye akasema huko walikosikitika kuna baridi, wajifunike.

*

Jaribio likianza upya, ridhaa nayo inaombwa upya, na siku hizi haiombwi kwa mzazi peke yake. Mtoto aliyefikia umri wa shule lazima aelezwe na Jopo lenyewe, kwa maneno anayoyaelewa, aulize anachotaka, kisha aseme kwa kinywa chake neno moja: nimeelewa. Hakuna anayeruhusiwa kulisema kwa niaba yake wala kumlisha neno hilo. Kichupa chenyewe kinasikiliza, na bila neno hilo hakifunguki hata dole gumba likisuguliwa mpaka ling'ae. Tena kama mtoto mmoja ana swali lisilojibiwa, vichupa vya wenzake wote vinangoja, kwa sababu swali la mmoja linawahusu wote. Dokta Lwitiko alituelezea haya akina mama tukiwa mlangoni. Tukaitikia, tukiona ni utaratibu tu kama utaratibu mwingine.

Mihayo ndiye aliyeitwa kwanza, maana alikuwa ameshuka kuliko wenzake. Mama Siku naye alikuwa kwenye benchi la nje na mwanawe, akisema wametusindikiza tu. Nilimwingiza nimembeba, nikamweka kwenye kiti, miguu ikaning'inia. Kichupa kilikuwa mezani mbele yake. Dokta alikuwa upande wa pili wa meza. Kwenye kioo cha ukutani walionekana wanajopo watatu, na katikati yao mwenyekiti, Profesa Kokuhirwa, mama mtu mzima mwenye mvi na sauti ya kubembeleza.

"Shikamoo bibi," Mihayo akamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Kwa haki, alieleza vizuri. Alimwambia mlegeo ni nini, dawa inakwenda wapi ikishamezwa, inaweza kumuumiza tumbo, na akitaka kuacha siku yoyote hakuna atakayemkasirikia. Alimwonyesha kivuli chake, akamwambia hakisikii maumivu. Mihayo alisikiliza ametulia kama yuko msikitini. Mwishoni Profesa akamuuliza kama ana swali.

Mihayo akasema analo. Siku naye atakunywa?

Profesa akamtazama Dokta, Dokta akatazama meza. Profesa akasema hapana, mjukuu wangu, Siku hatakunywa. Mihayo akauliza kwa nini, si kwa ubishi, kwa namna anavyouliza kwa nini mwezi haudondoki. Profesa akamweleza kwamba Siku hana kivuli, na bila kivuli hawawezi kujua dawa imemfanya nini.

Mihayo akafikiri. Namjua akifikiri, hujitafuna mdomo wa chini.

"Mimi nina kivuli," akasema. "Kinaumwa badala yangu. Siku hana, anaumwa mwenyewe. Sasa mbona dawa anapewa mwenye msaidizi?"

Mwanajopo wa kulia, bwana mmoja wa tai, akaomba amsaidie Profesa. Akasema ni kama kupima kitambaa. Bila futi huwezi kujua kitambaa kina urefu gani, na Siku ni kitambaa kisicho na futi. Mihayo akamtazama, akasema ahsante babu, lakini sijaelewa. Mwanajopo wa kushoto, dada kijana, akasema ni kwa ajili ya usalama wa Siku mwenyewe. Inaweza kumdhuru nao wasijue. Mihayo akamjibu kwamba Siku ameshakunywa siku nyingi na wanaweza kumuuliza, yuko kwenye benchi hapo nje. Yule dada akainamisha kichwa. Mihayo akasema tena, taratibu, kwa heshima zote nilizomfunza, kwamba hajaelewa.

Profesa alijaribu tena yeye mwenyewe. Alimweleza habari za watoto wa zamani waliokufa kwa kukadiriwa dawa, bila kuficha. Nikaona anaamini anachosema, na kwamba hapendi anachosema. Mihayo akamwambia pole bibi. Akasubiri. Kisha akasema hajaelewa bado.

Kichupa kilikuwa pale pale. Nyuma ya mlango niliwasikia akina mama wenzangu wakinong'ona, watoto wao wakingoja swali la mwanangu, na katikati ya minong'ono ile nikaisikia sauti ya Mama Siku ikimwambia mwanawe akae vizuri asianguke.

Profesa Kokuhirwa akavua miwani. Akanigeukia mimi.

"Mama," akasema, "Jopo linakuruhusu. Wewe unamjua mwanao. Mweleze kwa maneno ya nyumbani."

Wote wakaniangalia. Mihayo naye akaniangalia, na nikajua kwamba akisikia kwangu ataamini. Ningeweza kumwambia Siku atapata yake baadaye. Ningeweza kumwambia sema tu, baba, tutaongea nyumbani. Neno moja, kichupa kingefunguka, na mwanangu angepanda tena ngazi zile. Nilitaka anywe. Sijawahi kutaka kitu duniani kama nilivyotaka mtoto yule anywe. Nilitaka kumbana pua nimmiminie, kama nilivyokuwa nikimnywesha uji akiwa mchanga. Magoti yake yalikuwa yanatetemeka pale kitini, naye ameyashika kwa mikono ili mimi nisiyaone.

Nikayatafuta hayo maneno ya nyumbani. Niliyatafuta kwa Kiswahili, nikayatafuta kwa Kinyamwezi cha bibi yangu, nikajaribu kuanza na kusita, nikaanza tena. Niliyaelewa maelezo ya Dokta na ya Profesa, kila neno. Nilichotakiwa kumweleza mwanangu hakikuwamo katika maelezo hayo.

"Profesa," nikasema, "nimekaa hapa nimewasikiliza wote. Hata mimi sijaelewa."

Mihayo akautafuta mkono wangu chini ya meza, na wake ulikuwa wa baridi. Dokta Lwitiko akasimama, akazunguka meza, akavuta kiti, akakaa upande wetu.